Twendeni Kolo kwa Miguu

Hivi karibuni kundi la wanafunzi, walimu na wazee lilipanda kwa miguu vilima vya Kolo, wilayani Kondoa. Wapo waliouliza: matembezi hayo yana faida gani kwa mkulima? Swali hilo halina budi kujibiwa.

Kwanza, njiani watoto walipita penye miti. Zamani mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo makubwa katika ardhi ya Kondoa, hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Wafugaji walihama na ng'ombe wao, na gharama ilikuwa kubwa. Anayekata miti hiyo leo kwa ajili ya mkaa anakula jasho la wazee hao.

Pili, Mongomi wa Kolo ipo michoro ya wanyama na ya watu wembamba, iliyochorwa kwa rangi nyekundu na wawindaji wa kale. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha hailindi jabali. Hulilinda aishiye chini yake. Wapo wanaochimba hapo kwa uvumi wa mali iliyofichwa na Wajerumani. Udongo wanaoutupa ndio wenye historia yetu.

Liko jambo gumu zaidi. Wazee huenda Mongomi kutambika, na pombe ikimwagwa juu ya michoro, rangi huharibika. Kuwapiga marufuku kwa amri ni kosa, kwani wao waliliheshimu jabali hilo kabla ya ofisi yoyote kujengwa. Waitwe, waketi na wahifadhi, wakubaliane mahali pa kutambikia palipo mbali na michoro. Nasi tuliolelewa chuoni kwa Kurani, tusiotambika, tunao wajibu wa kuyaheshimu makubaliano hayo.

Kwa hiyo tunashauri kila shule ya wilaya ipande Kolo walau mara moja kwa mwaka, ikiongozwa na mzee wa mahali hapo, na mzee huyo alipwe ujira wake. Mtoto aliyefundishwa maana ya jabali hatakwaruza jina lake juu yake. Hatuwezi kulinda tusichokijua. Twendeni tukakione.