Udogo wa Chura Haupunguzi Kazi

Wapenzi wengi wa wanyama, hasa Ulaya na Marekani, huamini kwamba chura mdogo wa mitini anamfaa sana mtu anayeanza ufugaji. Hoja yao si ya kipuuzi. Chura wa matete, kwa mfano, ana urefu wa sentimita mbili au tatu, anakula kidogo, hanuki wala hararui makochi. Tangi moja la kioo linamtosha. Ni kweli pia kwamba wapo wafugaji waliowazalisha vyura hawa kizazi baada ya kizazi. Hayo yote nayakubali. Nisichokikubali ni hitimisho kwamba, kwa kuwa mnyama ni mdogo, matunzo yake nayo ni madogo. Udogo wenyewe ndio unaoleta ugumu, kwa sababu mwili wa gramu chache hauna akiba ya kustahimili makosa ya mfugaji.

Kwanza ni ngozi. Chura hanywi kwa mdomo. Hufyonza maji kwa ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, na sehemu ya pumzi yake hupitia humo humo. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya maji humwingia: klorini ya bomba, sabuni iliyobaki kwenye sifongo, amonia ya kinyesi chake mwenyewe. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo eneo la ngozi linavyozidi kuwa kubwa likilinganishwa na uzito, hivyo sumu ambayo chura mkubwa wa bwawani angeistahimili humwua huyu upesi.

Muuzaji atajibu kwamba dawa ni rahisi: mloweshe, umfunike, umpe joto. Hapa ndipo ninapotofautiana naye zaidi. Wachanga wa chura wa matete wa savana, Hyperolius viridiflavus, hupitisha kiangazi juu ya mabua makavu, jua likiwachoma waziwazi. Hukunja miguu chini ya mwili na kugeuka weupe ili kurudisha mwanga, na hupoteza maji kidogo mno. Ukimfungia chura wa namna hiyo ndani ya tangi linalotoka jasho, lisilopitisha hewa, utamwua ukidhani unambembeleza. Leptopelis vermiculatus wa misitu ya Usambara naye amezoea ubaridi wa milimani, na chumba chenye joto la pwani kinamtesa. Wote wawili huuzwa kwa jina moja la chura wa mti, na maelekezo yanayoambatana nao mara nyingi ni yale yale.

Pili, chakula. Chura hushambulia kinachotembea, kwa hiyo anayemfuga atalazimika kufuga na wadudu: nzi wa matunda na nyenje wachanga. Nyenje wana kalsiamu haba, hivyo hutiwa kwenye mfuko pamoja na unga wa kalsiamu na vitamini D3, wakatikiswa hadi wawe weupe. Lazima waliwe mapema, kwani hujisafisha unga ule wenyewe. Bila huo unga, mifupa ya chura hulainika, taya likapinda, miguu ikatetemeka. Na nyenje wakibaki tangini, huweza kumtafuna chura aliyelala.



Anayedhani natia chumvi na atazame kisa cha chura wa Kihansi, Tanzania. Si wa mitini, lakini kwa udogo ni wale wale. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko yao mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huko kulikuwa na madaktari, maabara na fedha, na bado walikufa kwa wingi hadi wakabaki makumi tu. Baada ya matunzo kurekebishwa ndipo walipoongezeka, na mwaka 2010 kundi la kwanza likarudi Dar es Salaam. Kisa hiki kinathibitisha kwamba ufugaji unawezekana, lakini kinaonyesha pia gharama yake.

Lipo pia suala la asili ya chura. Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Aliyekamatwa porini huja amechoka, mara nyingi akiwa na minyoo, na biashara hii imesaidia kusambaza kuvu ya kitridi, ambayo tathmini ya mwaka 2019 iliihusisha na kupungua kwa spishi 501 za amfibia. Kwa hiyo ulizia aliyezaliwa kwenye matangi, na maji machafu ya tangi usiyamwage mtaroni.

Mwenye nia na aanze na tangi tupu. Aweke mimea, kipima unyevu na kipimajoto, kisha aendeshe kila kitu kwa mwezi mzima bila chura, huku akizalisha nzi wake pembeni. Vipimo vikiyumba kila siku, au nzi wakimfia, chura abaki kwa muuzaji kwanza.