FUNDI WA NYUMBANI: Bodi Isiyoitika Si Lazima Imekufa

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Neno hilo nililikumbuka Jumamosi iliyopita nilipoitwa na jirani yangu, mke wa koplo wa polisi, katika nyumba za kambi. Mwanawe alikuwa ametengeneza sanduku la kuangulia vifaranga. Bodi ndogo ya kielektroniki, mfano wa bei nafuu wa Arduino Uno, ndiyo iliyotakiwa kupima joto na kuwasha taa kila liliposhuka chini ya nyuzi 37.5. Mama alikuwa amekwisha kusanya mayai 30, na siku ya tano ilikuwa imefika. Kila mfugaji anajua kwamba yai likipita juma moja, uwezo wake wa kuanguliwa hupungua. Lakini kompyuta yao ya Linux haikuiona bodi hiyo. Baba alikuwa amekata shauri: bodi imekufa, wala hatatoa fedha tena.

Nilimsihi atupe nafasi, tukaanza na jambo lililo rahisi kuliko yote, yaani waya. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia simu hupitisha umeme tu, hazina nyuzi za kupitisha habari. Taa ya bodi huwaka, mtu akadhani yote ni salama, kumbe kompyuta haisikii lolote. Andika sudo dmesg -w, kisha chomeka bodi. Pasipotokea mstari mpya, badili waya kwanza kabla ya kulaumu bodi.

Tulibadili waya, na mara mistari ikatokea. Bodi ya Uno ya asili hupewa jina ttyACM0; zile zenye chipu ya CH340, kama hii, huitwa ttyUSB0. Jina lilitokea, kisha likatoweka papo hapo! Kijana alikata tamaa, lakini mistari ile ile ilimtaja mwenye kosa: programu iitwayo brltty. Hiyo huwatumikia vipofu wanaosoma kwa vifaa vya nukta nundu. Katika Ubuntu 22.04, iliyotolewa mwaka 2022, programu hiyo huidhania chipu ya CH340 kuwa kifaa cha nukta nundu, kwa kuwa namba zao za utambulisho zinafanana, yaani 1a86:7523. Nyumbani mle hakuna aliyehitaji kifaa hicho, basi tuliiondoa kwa sudo apt remove brltty. Kama kwenu yupo anayeitegemea, msiiondoe. Tumieni kompyuta nyingine.

Tulipochomeka tena, jina lilidumu, lakini kompyuta ikasema hatuna ruhusa. Hapa askari wataelewa upesi. Mlango wa bodi una mlinzi, naye huwaruhusu tu walio katika kundi liitwalo dialout. Kijana alipaswa kuandikishwa humo:

sudo usermod -aG dialout jina-lako

Angalia sana herufi ile a. Ukiiacha, utaongezwa katika kundi hilo huku ukifutwa katika makundi yako mengine, pengine hata lile linalokupa mamlaka ya sudo. Ukimaliza, toka katika akaunti yako uingie tena, kwani kibali kipya hakifanyi kazi kabla ya hapo. Wengine hufungua mlango kwa kila mtu kwa chmod. Lakini ukichomoa bodi na kuichomeka tena, ruhusa hiyo hutoweka.

Mwisho, maandishi yalitokea, lakini yalikuwa herufi za ovyo. Sababu ilikuwa kasi: programu ya bodi ilisema kwa 9600, na dirisha la kompyuta lilisikiliza kwa 115200. Tulipozisawazisha, joto lilisomeka vizuri. Kumbuka pia kwamba programu mbili haziwezi kutumia mlango mmoja bila kugongana. Funga dirisha la kusomea kabla ya kupeleka programu mpya katika bodi.

Basi, bodi ikinyamaza, fuata mpango huu: waya, jina, programu nyingine, kibali, kasi. Usiitupe kabla hujamaliza yote matano.

Jioni ile taa ya sanduku iliwaka na kuzima yenyewe. Baba hakusema neno. Aliyapanga mayai kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaandika tarehe ukutani. Siku ya 21 ataihesabu yeye.