Vita Viwe na Sababu, Viwe na Mwisho

Mwezi wa Machi mwaka 2025 wakuu wa nchi za Kusini mwa Afrika waliamua kwamba jeshi lao lililokuwa mashariki ya Kongo lirudi nyumbani. Mwishoni mwa Aprili magari ya kwanza yaliondoka Goma, yakapita Rwanda, yakaingia Chato katika ardhi yetu. Katika jeshi hilo walikuwamo vijana wa Afrika ya Kusini, wa Malawi na wa Tanzania. Walikuwa wamepelekwa tangu Desemba 2023 kuisaidia Serikali ya Kongo dhidi ya waasi wa M23. Lakini Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa, na askari hao wakazingirwa kambini mwao. Katika mapigano hayo Afrika ya Kusini ilipoteza askari 14, Malawi watatu, na jeshi letu likatangaza vifo vya askari wawili.

Katika Afrika ya Kusini na Malawi wananchi waliuliza kwa sauti kubwa: vijana wetu walikwenda kufanya nini, na kwa nini hawakurudi mapema? Tarehe 5 Februari 2025 Rais wa Malawi aliamuru jeshi lake lijitayarishe kuondoka. Hapa kwetu maneno yalikuwa machache. Wako waliosema kwamba kunyamaza ndiyo adabu, maana mambo ya vita ni ya wakubwa. Sisi twasema adabu ya mwenye nchi si kunyamaza. Adabu yake ni kuuliza kwa heshima na kungoja jibu la kweli.

Askari hatoki mbinguni. Hutoka Mbuji, hutoka Litembo, hutoka Mbamba Bay. Baba yake huchimba ngoro katika milima ya Umatengo na kuchuma kahawa. Mjomba wake huvua katika Ziwa Nyasa. Kodi inayonunua risasi na viatu vyake hutoka katika kahawa hiyo na samaki hao. Basi mkulima wa Mbuji akiuliza sababu ya vita, haingilii mambo yasiyomhusu. Anauliza habari za mwanawe na za mali yake.

Watu wa Ruvuma wanajua vita ambavyo mwananchi hakuulizwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea kwa sababu ya Maji Maji. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa ikaipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli. Wavuvi wa pwani ile hawakuwa na ugomvi na mtu ye yote wa Ulaya. Hata hivyo, tangu siku ile hadi vita vilipokwisha, vijana wa Kiafrika walibebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, wakafa kwa maradhi na njaa. Hivyo ndivyo mkoloni alivyopigana: sababu aliijua yeye, na mwisho aliujua yeye. Kama baada ya uhuru nasi tutapigana kwa namna hiyo, uhuru utakuwa umetufaa nini katika jambo hili?

La hasha, hatusemi kwamba kila vita ni vibaya. Ndugu zetu wa Msumbiji walipochukua silaha Septemba 1964, tuliwapa makambi, shule na njia ya kupita, na vijiji vya kando ya Mto Ruvuma vikaonja mabomu ya Mreno. Sababu ilikuwa wazi kama jua, na mwisho nao ulikuwa wazi: siku Mreno atakapoondoka. Siku hiyo ilikuja. Mapatano yalitiwa sahihi Lusaka Septemba 1974, na bendera ya Msumbiji ikapandishwa tarehe 25 Juni 1975.

Tuje sasa katika vita vyetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua watu, yakapora ng'ombe na kubomoa daraja la Kyaka. Na Amin akatangaza kwamba ardhi ile ni yake. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi mambo matatu: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Hakuna aliyebisha. Mgambo na askari wa kila aina waliitwa, jeshi likapita watu 100,000. Katika vijiji vya kusini, mbali sana na Kagera, watu walitoa chakula na watoto wao. Vita vile vilikuwa vya haki, nasi tutasema hivyo daima.

Lakini sababu, uwezo na nia ni maneno ya kuingilia vitani. Neno la nne, la kutokea, halikusemwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Adui alikuwa amekimbia, ardhi yetu ilikuwa imerudi. Hata hivyo sehemu ya jeshi letu ilibaki Uganda hadi mwaka 1981. Katika mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, wako waliotushutumu kwa kuvuka mpaka. Shutuma ile tuliweza kuijibu, kwa kuwa aliyevuka kwanza alikuwa Amin. Swali gumu zaidi lilikuwa hili: je, tungoje nini ndipo tuondoke?

Waliotaka jeshi libaki walikuwa na hoja. Walisema ukimtoa nyoka ndani ya nyumba ya jirani, huondoki ukiacha mlango wazi na watoto wamelala. Waliotaka lirudi nao walikuwa na hoja. Walisema mgeni akizidi kukaa huonekana mwenye nyumba, na kila ugomvi wa nyumba ile hulaumiwa yeye. Yaliyotokea yaliwapa haki hawa wa pili. Rais Yusuf Lule aliondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa naye akaondolewa Mei 1980. Na katika kila mageuzi hayo ilinenwa kwamba Tanzania ndiyo iliyokuwa nyuma yake. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote, walioshindwa wakaukataa, na mapema mwaka 1981 vita vipya vikaanza ambavyo havikwisha mpaka Januari 1986.

Na nyumbani? Vita vile hukadiriwa kuwa viligharimu dola milioni 500 au zaidi. Mwalimu aliwaomba wananchi wajifunge mkanda miezi 18. Mkanda ukafungwa, lakini miezi 18 ikapita na sukari, sabuni, mafuta ya taa na nguo vikawa bado havionekani madukani. Hatusemi kwamba vita peke yake vilileta dhiki ile. Bei ya mafuta ilipanda duniani, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Lakini kila mwezi wa kukaa Uganda uliongeza uzito juu ya mgongo uliokwisha kulemewa.

Funzo tunalolipata ni hili. Jeshi laweza kumfukuza dhalimu. Haliwezi kuwapa watu wa nchi nyingine serikali wanayoipenda. Kazi hiyo ni yao wenyewe. Jeshi likishamaliza kazi yake likabaki kufanya kazi isiyo yake, ushindi wake huanza kuliwa na mchwa.

Kongo imetufundisha jambo hilo hilo mara mbili. Mwaka 2013 vijana wetu waliingia katika kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na wa Afrika ya Kusini na wa Malawi. Kazi yao ilielezwa waziwazi, na Novemba mwaka huo M23 walishindwa. Huo ndio ulikuwa wakati wa siasa kushika kazi yake. Haikuishika, kikosi kikabaki, na tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki, usiku mmoja tu ulitunyang'anya askari zaidi ya 10. Miaka minne baadaye M23 wakaamka tena, na vijana wengine wakatakiwa.

Yuko atakayesema: ukimtangazia adui siku ya kuondoka, atakaa akuhesabie siku. Hoja hiyo ni kweli, nasi hatuombi tarehe. Twaomba kipimo. Tuambiwe kwamba jeshi litarudi likishafanya jambo hili na hili. Na kama jambo hilo limeshindikana, tuambiwe ni lini itakaa hukumu ya kuamua upya. Adui hafaidiki kwa kujua hayo. Anayefaidika ni askari, kwa sababu anajua anapigania nini, na mzazi wake, kwa sababu anajua anangoja nini.

Katiba yetu imeonyesha njia. Ibara ya 44 yasema kwamba Rais akitangaza hali ya vita, Spika ataitisha Bunge katika muda wa siku 14 lijadili na kuamua kama litaunga mkono. Lakini kupeleka jeshi kulinda amani si kutangaza vita, kwa hiyo mlango huo haufunguki. Risasi ya Sake na Semuliki haiulizi kama vita vilitangazwa. Twaona yafaa Bunge lipewe habari kila jeshi linapotumwa nje: sababu yake, kipimo cha kazi yake, na njia ya kurudi kwake; na habari hizo zirudiwe kila mwaka maadamu jeshi lingali huko. Siri za mapigano zibaki kwa makamanda. Sababu ya mapigano si siri.

Wanachama na wafanyakazi nao wana wajibu. Mwaka 2012 ugomvi wetu na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa ulipopamba moto, wako watu mijini waliozungumza habari za vita kana kwamba ni mechi ya mpira. Wavuvi wa Mbamba Bay na Lituhi, ambao wana ndugu ng'ambo ya maji, hawakuzungumza hivyo. Mazungumzo yakashinda. Na miaka kumi na zaidi baadaye kijana wa Malawi na kijana wa Tanzania walilala handaki moja huko Kongo. Tukipiga ngoma ya vita kabla ya kuuliza, tusishangae tukikosa wa kumwuliza baadaye.

Huko Kaboya, mkoani Kagera, wamelala mashujaa wetu wa mwaka 1978 na 1979. Wao walijua sababu ya kwenda. Kila kijana atakayetumwa baada yao na aambiwe sababu hiyo hiyo waziwazi, na tangu siku anayofunga mzigo aambiwe kazi gani ikiisha atarudi kwao.