Dhahabu ya Sekenke na Ushahidi Unaosagwa

Mwaka 1916, manowari za Waingereza zilipokuwa zimeiziba bahari na fedha kutoka Ujerumani haziingii tena, utawala wa Kijerumani uliichukua dhahabu ya Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, ukaipeleka Tabora. Huko, katika karakana ya reli, zilifuliwa sarafu 16,198 za rupia 15. Upande mmoja zilichorwa tai wa mfalme wao; upande wa pili, tembo mbele ya mlima. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji.

Leo sarafu hizo huuzwa kwa bei kubwa katika minada ya ng'ambo. Wanunuzi wamezipa jina la Tabora, mahali zilipofuliwa. Sekenke, ambako watu walishuka shimoni, haimo katika jina hilo.

Kemia yaweza kuirudisha. Vipo vyombo vinavyoelekeza miale ya eksirei juu ya kitu cha kale, na kila elementi ikajibu kwa mwale wake yenyewe. Kitu hakikatwi wala hakikwaruzwi. Ndivyo zinavyochunguzwa shanga, vyuma na rangi za kale katika nchi nyingi. Kwa sarafu ya Tabora, chombo hicho chaweza kuthibitisha kama kweli dhahabu ni sehemu 750 kati ya 1,000, kikataja metali zilizochanganywa nayo, na kufichua sarafu bandia, ambazo hazikosekani penye faida.

Lakini usafi wa dhahabu si asili yake. Dhahabu itokayo mwambani huwa na fedha ndani yake na chembe za elementi nyingine, na ni kwa kuzilinganisha chembe hizo na mwamba wenyewe ndipo mtaalamu athubutu kutaja mgodi. Hata hapo kazi si nyepesi, maana iliyokwisha kuyeyushwa pamoja na metali nyingine hubeba alama za zote. Bila mawe ya Sekenke, hata hivyo, hakuna cha kulinganisha kabisa.

Wapo watakaouliza: shule ngapi hazina maabara, kwa nini kuhangaikia sarafu ya mkoloni? Sarafu ni ya mkoloni. Dhahabu na jasho si vyake. Na gharama ya kuanza ni ndogo: mifuko ya mawe, kila mmoja na karatasi inayoonyesha shimo, kina na tarehe, ikahifadhiwa Makumbusho ya Taifa na kwa wanajiolojia wa Dodoma. Walimu wa kemia wa Iramba wangeweza kuikusanya pamoja na wanafunzi wao.

Ikusanywe kabla mawe hayajaguswa na zebaki ya wachenjuaji. Wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi yao halali, na jiwe wanalolipandisha juu leo halikai muda mrefu kabla ya kufika kwenye kinu.