Mchanga ni Mali, Sheria Iwe Karibu



Wako wanaodai kwamba sheria za mazingira ni adui wa maendeleo; kwamba ukimzuia mfanyabiashara kuchota, kukata au kumwaga apendapo, umemnyima kijana kazi na kaunti mapato. Sisi tunaikataa hoja hiyo, na ushahidi wetu tunautoa katika mito ya Makueni.

Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Mvua ikikatika, maji hayaonekani juu, lakini yamo ndani ya mchanga, yakikingwa na jua. Mchanga ulioshiba waweza kubeba maji robo ya ujazo wake au zaidi. Ndiyo sababu akina mama huchimba visima katika mkondo mkavu, mifugo ikanywa na miche ikamwagiliwa. Malori yakiuzoa mchanga huo kwa ajili ya majengo ya mijini, mwamba hubaki wazi, maji ya mvua hupita mbio na kisima hukauka. Mwenye lori amepata faida ya siku moja. Mkulima amepoteza msimu. Hesabu ya uzalishaji isiyotaja kisima kilichokauka ni hesabu ya uongo.

Sheria haikukosekana. Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999. Lakini mwenye mamlaka alikuwa mbali, naye aliyeliona lori likipita usiku hakuwa na mamlaka. Katiba ya 2010 ilibadili mpangilio huo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti 47 shughuli za kilimo, pamoja na kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji. Hivyo mkono unaomhudumia mkulima ndio upasao kulinda maji yake.

Makueni waliitumia nafasi hiyo. Mwaka 2015, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria aliyekuwa mstari wa mbele katika kudai mabadiliko ya katiba miaka ya 1990, kaunti ilijitungia sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Kaunti hiyo hiyo ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Mambo haya mawili ni ndugu: kiwanda cha maembe hakiwezi kustawi mahali ambapo mito imebebwa kwa malori.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kaunti inayotoza ushuru kwa kila lori hushawishika kuhesabu malori na kusahau visima. Tena, kaunti moja ikiufunga mto wake, wazoaji huweza kuhamia kwa jirani. Kwa hiyo taifa liweke kiwango ambacho hakuna kaunti iwezayo kukishusha, na kila kaunti iwe huru kukipandisha. Dhuluma tuliyoipinga Nairobi isihamie makao makuu ya kaunti.

Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Hakuwa na cheo serikalini. Alikuwa na swali na ujasiri wa kuliuliza. Leo swali hilo lina mahali pa kuulizwa kisheria.

Basi, wanaharakati na waumini, bajeti ya kaunti inapojadiliwa, hudhurieni. Ulizeni: mchanga umeleta shilingi ngapi, na ni ngapi zilizorudi kuutengeneza mto? Kamati za maji za makanisa na ziandike kila kisima kinachokauka, tarehe na mahali, maana karatasi hiyo ndiyo itakayosimama mahakamani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipigania haki ya kusimamia mambo yetu, sasa tuyasimamie.