Shimo la Nyuma ya Bweni

KUTOKA: Kamati ya Mazingira, Serikali ya Wanachuo
KWA: Walimu tarajali wote, mwaka wa kwanza na wa pili
YAH: TAKA ZETU NA MAHALI ZINAPOKWENDA

Ndugu wanachuo wenzangu,

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mimi na mjumbe mmoja wa kamati tulikwenda kwenye shimo la taka la nyuma ya bweni, tukachokoa tabaka la juu kwa fimbo. Yalitoka makoko ya ugali, maganda ya mihogo, chupa za maji, vitini vya muhula uliopita vilivyochapwa upande mmoja, ndala ya mguu wa kushoto, na betri nne za tochi zilizoanza kuvuja. Vyote vimelala pamoja, vimelowana mchuzi wa maharage. Kila kimoja kikiwa peke yake kina kazi yake. Vikishachanganyika, hakuna anayetaka kuvigusa, na hapo ndipo vinapokuwa taka kweli.

Sisi tunaoishi juu ya uwanda huu wa Makonde tunaijua shida ya maji. Udongo wetu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hukuti hata dimbwi. Maji yamezama, yanapita chini kwa chini hadi yatokee mabondeni. Ndiyo maana bibi zetu walishuka mteremko alfajiri na vibuyu kichwani, na ndiyo maana mpaka leo maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa mashine kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari, kuja huku Newala. Udongo unaonyonya mvua upesi namna hiyo utanyonya pia kinachovuja kwenye betri. Kwa hiyo nawaomba tuache kulihesabu shimo kuwa ndio mwisho wa safari.

Moto nao si usafi. Miezi ya Juni na Julai upepo wa kusi unapovuma, moshi wa shimo letu unaingia moja kwa moja bwenini. Wenzetu wenye pumu wanajua usiku wa moshi huo ulivyo. Plastiki inayochomwa kwenye moto mdogo wa wazi hutoa sumu, zikiwamo zile ziitwazo daioksini, na majivu yake hayafai kutiwa bustanini. Tusichome tena plastiki kwenye moto wa wazi hapa chuoni, hata kidogo.

Kubwa zaidi ni mabaki ya jikoni, maana ndiyo mengi na ndiyo rahisi. Makoko ya ugali yawekewe ndoo yake, mama mfuga kuku wa jirani anayataka kila siku. Maganda, majani na mabaki ya mboga tuyafanye mboji. Tuanze kwa fito chini ili hewa ipite, juu yake majani makavu ya mikorosho, kisha maganda, kisha samadi kiasi, majivu ya kuni kidogo na udongo, halafu tunarudia. Maji ya kunyunyizia ni yale yaliyooshea mboga na mchele, hatuna sababu ya kumaliza ya bombani. Funika kwa nyasi. Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati, ukiache wiki moja, ukichomoe, ukishike. Kikiwa na joto na unyevunyevu, kazi inakwenda. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka, umelowesha mno, geuza rundo na uongeze majani makavu. Ukigeuza kila baada ya wiki tatu, katika miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, laini, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mchanga huu wa uwandani haushiki maji. Wenye mboji unayashika. Matuta yetu ya mchicha na matembele yataonyesha tofauti.

Msimu wa korosho usipite bure pia. Kila mwaka tunaokota korosho chini ya mikorosho ya chuo, mabibo tunayaacha yaoze na kujaza nzi. Yatiwe kwenye rundo, ila yachanganywe na majani makavu na majivu, kwa kuwa ni makali.

Chupa za maji tusizitupe wala kuzikanyaga. Sokoni wanazitafuta watu wa mafuta ya ufuta na asali. Zifungwe vizibo, ziwekwe kwenye gunia lililotundikwa kila ngazi ya bweni. Fedha itakayopatikana itanunua majembe. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna mwenzetu aliyerudi likizo na kidumu kizuri cha lita tano akakifanya cha maji ya kunywa. Kilikuwa cha dawa ya kupulizia mikorosho. Alikuwa amekiosha kwa sabuni mara tatu, nami nilipofungua kifuniko bado harufu ilinipanda puani. Tulikitoboa palepale. Chombo cha dawa ya shambani hakifai maji, mafuta wala mboga, kioshwe vyovyote kioshwavyo. Mwenye nacho akitoboe na kumpelekea afisa ugani.

Sisi ni walimu tarajali, na jambo hili linatuhusu kuliko wanafunzi wa vyuo vingine. Mwakani wengi wetu tutakuwa mbele ya darasa la kwanza lenye watoto wengi na zana haba. Vizibo ni vihesabio. Boksi la sabuni likikatwa vizuri ni kadi za silabi au uso wa saa. Karatasi zilizochapwa upande mmoja zikishonwa kwa uzi zinakuwa daftari la rasimu za maandalio ya somo. Anayejua kuvitazama vitu hivi leo hatakwama kijijini kesho.

Nchi yetu imeshaonyesha kwamba mazoea hubadilika. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, nasi tukarudi kwenye vikapu vya ukindu. Na kwa jirani zetu wa Kenya, kule Lamu, mafundi wa majahazi waliunda chombo kizima, Flipflopi, kwa plastiki na ndala zilizookotwa, kikazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Nilipoishika ile ndala ya shimoni nililikumbuka jahazi hilo.

Dada zetu, taulo za kike zisitupwe shimoni wala chooni. Pipa lenye mfuniko litakuwa kwenye bafu lenu, na mjumbe wa kike wa kamati atalisimamia hadi kwenye kichomeo. Betri na vioo vilivyovunjika vina kopo lao kwa mlinzi.

Kazi inaanza Jumamosi hii saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwaka wa pili waje na majembe, mwaka wa kwanza waje na magunia na majani makavu. Tutaanza na rundo moja la mboji, karibu na jiko, upande usiopigwa na upepo. Vijiti nimeshavichonga.

Wenu katika kazi,
Katibu, Kamati ya Mazingira
Newala