Amalize Kwanza, Halafu?

Mtu wa familia akipata viza ya kazi Uingereza, hata kabla hajanunua sanduku, kikao kinaitishwa kuhusu mtoto wake. Mtoto mwenyewe ana miaka 14 na yuko nje na simu yake, maana hakuna aliyemwita. Ndani, wajomba wanataja shule vile watu hutaja timu za mpira: hii ni ya kitaifa, ile ilikuwa na A ngapi, ile nyingine waziri fulani alisomea huko. Chai ikiisha, uamuzi umeshapatikana. Abaki hapa, aingie bweni nzuri, amalize kwanza, halafu atamfuata mamake.

Nabishana na hayo maneno mawili, "amalize kwanza". Husemwa kwa sauti ya busara, na wanaoyasema hawatalipa chochote mambo yakienda mrama. Atakayelipa ni yule aliye nje na simu.

Hebu tupige hesabu. Nachukua Uingereza kwa sababu wauguzi wetu wamekuwa wakienda huko chini ya makubaliano ambayo serikali hizi mbili zilitia saini mwaka 2021, na kwa sababu huko ndiko dada yangu aliko. Mtoto aliyezaliwa Aprili 2011 alikuwa gredi ya 9 mwaka 2025. Januari 2026 akaingia gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa la sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Akimaliza gredi ya 12 itakuwa mwisho wa 2028, na atakuwa na miaka 17 na miezi saba hivi. Sheria ya Uingereza inasema mtoto anayeomba kumfuata mzazi kwa mara ya kwanza kama mtegemezi lazima awe hajafikisha miaka 18 siku anayotuma ombi. Kwa hivyo mkakati mzima wa familia umesimama juu ya miezi mitano. Ndani ya hiyo miezi mitano ni mtihani umalizike, pasipoti ipatikane, kipimo cha kifua kikuu kifanywe, na pesa ya ombi iwe tayari. Na huyo ni mtoto aliyeanza shule mapema na hakurudia darasa. Wangapi wetu tulimaliza sekondari tukiwa na 18, wengine 19? Kwa hao, "amalize kwanza" maana yake ni mlango ufungwe, halafu ndiyo abishe.

Kuna jambo lingine ambalo hutalisikia kwenye kikao. Uingereza kwa kawaida inataka wazazi wote wawili wawe huko ndipo mtoto aende. Mzazi mmoja akiwa ndiye mlezi wa pekee, inabidi athibitishe hivyo: kwamba maamuzi makubwa ya maisha ya huyo mtoto ni yake. Sasa fikiria mtoto aliyeachwa bweni miaka mitatu. Nani anasaini ripoti? Nani anaitwa akiugua? Nani anaketi kwa ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu akiambiwa kijana amepatikana na simu kwenye godoro? Ni mimi. Mimi ndiye anti wa siku ya wazazi, mwenye kuku wa kukaanga kwa Tupperware. Nampenda huyo kijana na kuku nitaendelea kubeba. Lakini kila karatasi ninayoitia sahihi inaonyesha kwamba mimi ndiye ninayemlea. Siku dada yangu atakapotaka kuthibitisha kinyume chake, sahihi zangu zitakuwa kwa faili.

Najua kuna wasio na chaguo. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, aliyekwenda Uingereza kwa viza ya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa hakuruhusiwa kwenda na mtoto wala mwenzi wake. Huyo simlaumu hata kidogo, na anayemlaumu aone haya. Naongea na muuguzi, mhandisi, yule ambaye viza yake inamruhusu na bado anashauriwa aache mtoto nyuma kwa sababu ya jina la shule.

Jina! Sisi tumelelewa tukiamini shule ni jina. Tukifika ugenini tunaanza kutafuta Alliance ya huko. Nimeona mtu akituma kwa grupu ya WhatsApp orodha ya "public schools" za England akidhani ni za serikali, kumbe kwa Waingereza hilo ndilo jina la zile za matajiri, Eton na wenzake, ambazo tangu Januari 2025 karo yake imeongezewa VAT ya asilimia 20. Shule ya serikali huko haina karo. Mtoto wa muuguzi ana haki ya kuingia, na shule hairuhusiwi kumkataa kwa sababu ya aina ya viza yake.

Kinachoamua maisha ya mtoto huko ni tarehe ya kufika, na hapo wazazi wetu ni vipofu kabisa. England (Scotland wana mfumo wao) mtoto hawekwi darasa kwa kuangalia amefika wapi kwenye silabasi. Anawekwa kwa umri, na mwaka wa umri unakatwa tarehe 31 Agosti. Yule wetu wa Aprili 2011 akifika Januari 2026 anaingia katikati ya Mwaka wa 10. Mtihani wa GCSE anaufanya Mei na Juni 2027. Ana kama mwaka mmoja na nusu wa kuzoea baridi, lafudhi na fasihi ya Kiingereza wanayotahiniwa nayo. Ni ngumu, lakini inawezekana. Akifika Septemba 2026 anaingia Mwaka wa 11 moja kwa moja, wenzake wamesoma nusu ya kozi, na ana miezi minane. Akifika baada ya hapo hana GCSE kabisa. Atapelekwa chuo, na mahali pengi ataanza na Kiingereza na Hisabati za kiwango hicho hicho, mtoto ambaye labda hapa alikuwa wa tatu darasani.

Na wale wanaosema cheti cha hapa kitamsaidia: vyuo vikuu vingi vya Uingereza haviichukulii KCSE peke yake kuwa tiketi ya kuingia mwaka wa kwanza wa digrii. Vinataka A-Level, au mwaka wa matayarisho unaolipiwa kwa bei ya mgeni. Cheti cha gredi ya 12 ndiyo kwanza hakijatolewa hata kimoja. Sasa amalize nini hasa?

Haya, wapinzani wangu wana hoja moja kali ambayo hawajawahi kuitumia, kwa hivyo niwasaidie. Hata mtoto akienda mapema, akifika chuo kikuu anaweza kuhesabiwa mgeni. Mwanafunzi mwenyeji alilipa pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Mgeni hulipa zaidi ya hapo, sana, na kuishi huko miaka kadhaa peke yake hakumfanyi mtu mwenyeji kama familia haijapata ukaazi wa kudumu. Hii ni kweli na inauma. Mzazi aijue mapema aanze kuweka akiba. Lakini mtoto aliyebaki hapa atapigwa bei hiyo hiyo, pamoja na mwaka wa matayarisho, na atakuwa amekosa A-Level za bure na miaka mitatu ya kula chakula cha jioni na mamake.

"Lakini huko watoto wanaharibika." Hii nayo naisikia kanisani, kwa matatu, hata saluni. Huko kuna visu, kuna vepu, mtoto atamjibu mzazi vibaya. Sawa. Hapa je? Kyanguli mwaka 2001 tulizika wavulana 67 waliochomeka wakiwa bwenini. Septemba 2024, Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto 21. Kila muhula wa pili unapofika wazazi wa Kenya husikiliza redio kwa roho mkononi. Anayeniambia bweni ni salama kuliko chumba kilicho karibu na cha mamake, sijui ananichukulia vipi. Na tusidanganyane kuhusu nidhamu. Mara nyingi "bweni itamnyoosha" maana yake ni kwamba kuna mtu mzima amechoka kuongea na kijana na anatafuta mwalimu wa zamu amfanyie hiyo kazi.

Ukiamua kwenda naye, basi sahau orodha za majina ujue kazi yenyewe iko wapi. England unachagua shule kwa kuchagua nyumba. Shule nyingi zikijaa hugawa nafasi kwa umbali, na umbali unapimwa kutoka mlangoni kwako. Mwenye kushughulikia maombi ni kanju ya huko. Ndiyo, kanju, ila hii haifukuzi mama mboga. Kanju nyingi hazitakusikiliza kabla hujawa na anwani ndani ya eneo lao. Sasa wauguzi wetu wakifika hukodisha chumba karibu na hospitali kwa sababu ya zamu za usiku, halafu mtoto akija miezi sita baadaye, shule iliyobaki na nafasi iko mabasi mawili mbali. Afadhali dada achelewe wiki tatu kutafuta nyumba kuliko mtoto akae wiki tatu kitandani akingoja shule.

Ukinyimwa shule uliyoomba, una haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru, na watoto huingia kwa njia hiyo. Sisi hatukati. Tumezoea hapa ukikataliwa unatafuta mtu anayemjua mtu.

Halafu kuna kitu kidogo kinachowamaliza watoto wetu kimyakimya. Shule nyingi huko hugawa wanafunzi wa Hisabati kwa seti kulingana na uwezo. Mgeni akija bila rekodi inayoeleweka, ni rahisi kuwekwa seti ya chini "kwa sasa". Seti ya chini huandaliwa kwa karatasi ya ngazi ya chini ya GCSE, na kwenye karatasi hiyo alama ya juu kabisa anayoweza kupata mtoto ni 5, hata akijibu kila swali sawasawa. Alama huenda hadi 9. Kwa 5, shule nyingi hazitamruhusu kusoma Hisabati ya A-Level, na bila hiyo uhandisi umekwenda. Hakuna atakayekupigia simu kukueleza haya. Beba ripoti zake zote, hata zile za gredi ya 7 zilizokunjika. Wiki ya kwanza nenda na sare yako ya kazi kama huna muda wa kubadilisha, uulize yuko seti gani, anaandaliwa karatasi ipi, na lini wataangalia tena. Uliza kwa adabu, na mwezi unaofuata urudi uulize tena.

Na yule aliye nje na simu, aitwe aingie ndani kabla chai haijaisha. Ana miaka 14. Anajua kama anataka kwenda, anajua anaogopa nini, na pengine ameshaitafuta hiyo shule kwenye ramani na kuhesabu vituo vya basi.